Masta ya fedha, CPA au CFA? Kila cheti na kiti chake Kanda ya Ziwa

Kijana akimaliza shahada ya kwanza ya uhasibu au biashara jijini Mwanza, ushauri anaoupata nyumbani ni mmoja: ongeza elimu. Elimu ipi, hapo kila mtu ana lake. Mjomba aliye benki anasema CPA, cheti cha wahasibu. Rafiki aliyehamia Dar es Salaam anasema siku hizi mambo ni CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji. Chuo nacho kinatangaza kwamba dirisha la masta liko wazi. Basi mtu anaingia darasani, anatoka na shahada ya uzamili ya fedha, halafu anaomba nafasi ileile ya ofisa mikopo anayoiomba mwenzake wa shahada ya kwanza, na kwenye usaili wanatoshana nguvu.

Masta ya fedha ina thamani yake. Inafundisha kazi moja kubwa: kupima fedha ambayo bado haijafika, pamoja na uwezekano kwamba haitafika kabisa. Mwajiri wa Kanda ya Ziwa anaitaka kazi hiyohiyo, ila anataka ifanyike kwa mteja asiye na mizania (taarifa ya mali na madeni), asiye na hesabu zilizokaguliwa, na ambaye mali yake kwa sasa imeanikwa mchangani kisiwani Ukara ikisubiri jua. Vitabu vingi vya darasani vinaanza na kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa. Mhitimu anayeshindwa kuvuka kutoka kwenye kampuni ile hadi kwenye gunia la dagaa ndiye anayeonekana hajui kitu, hata kama GPA (wastani wa alama zake) inang'aa.

Vyeti vinavyochanganywa

Shahada ya uzamili ni ya chuo. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), masta inahitaji angalau krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800 kwa jumla: mihadhara, kujisomea, mazoezi, mitihani na tasnifu. Anayesoma jioni huku akifanya kazi mchana ajiulize mapema saa hizo atazitoa wapi, kwa sababu wengi hawakwami kwenye masomo, wanakwama kwenye tasnifu baada ya masomo kwisha.

Ndani ya masta zenyewe kuna tofauti ambayo matangazo huwa hayaisemi. MBA yenye mchepuo wa fedha, kama zinavyofundishwa MBA katika vyuo vingi kikiwemo SAUT pale Malimbe, ni shahada ya uongozi wa biashara ambayo sehemu yake tu ndiyo fedha. Utasoma masoko, rasilimali watu na mikakati. MSc ya fedha ni fedha tupu: uthamini wa mali, hatifungani (dhamana za mkopo za serikali au kampuni), vihatarishi, takwimu za uchumi. Anayelenga kuwa meneja wa tawi siku moja, MBA inamfaa. Anayelenga kukaa idara ya vihatarishi au kusimamia uwekezaji wa mfuko, akichukua MBA atajikuta amesoma nusu ya alichohitaji.

CPA(T) inatolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), na mitihani yake mikuu huwa Mei na Novemba. Hii ni leseni ya taaluma. Mwenye masta tano bila kusajiliwa na Bodi hawezi kusaini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Ukitaka kiti cha mkaguzi, mhasibu mkuu au mkurugenzi wa fedha kwenye kiwanda cha samaki au kiwanda cha kuchambua pamba, anza na CPA na masta iwe ya baadaye. Hapo hakuna mjadala.

CPB, cheti cha taaluma ya benki, ni ya Taasisi ya Wanabenki Tanzania (TIOB), nayo inamhusu aliye ndani ya benki tayari. Nje ya benki haina uzito mkubwa.

CFA ni ya taasisi ya Marekani na ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni maswali 180 ya kuchagua, katika vipindi viwili vya dakika 135 kila kimoja, na wenye mtihani wanapendekeza mtu ajiandae kwa takriban saa 300 kwa kila ngazi. Kufaulu ngazi zote tatu hakukupi cheo. Unatakiwa pia kuwa na saa 4,000 za kazi inayohusiana na maamuzi ya uwekezaji, zisizopungua miezi 36. Kijana wa Mwanza anayelipa ada ya CFA afahamu kwamba viti inavyovilenga ni vichache na vingi viko Dar es Salaam: mifuko ya hifadhi ya jamii, mameneja wa mifuko ya uwekezaji, madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), idara za hazina za benki. Ni viti vizuri, lakini inabidi mtu awe tayari kuhama. Na anayetaka kazi ya dalali au meneja wa mfuko akumbuke kwamba leseni ya soko la ndani inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). CFA pekee haimfungulii mlango huo.

Kufundisha chuo kikuu ni habari nyingine. Huko masta ni lazima, na watakagua GPA yako hadi ya shahada ya kwanza.

Faili la dagaa

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa kufundishia, namba zake ni za kubuni. Mama mfanyabiashara wa soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, anaomba mkopo wa shilingi milioni 40 kwa miezi 12. Ananunua dagaa visiwani kwa Sh130,000 gunia, anauza kwa Sh150,000 kwa wanunuzi wanaopeleka Kongo. Kwa mwezi anauza magunia 300. Usafiri wa boti, wapakiaji na ushuru vinakula Sh7,000 kwa gunia. Matumizi ya nyumbani, ada za shule zikiwemo, ni Sh1,200,000 kwa mwezi, na yanatoka kwenye droo ileile ya biashara. Hana vitabu. Ana daftari la mauzo na miamala ya simu.

Mhitimu aliyezoea darasa anauliza, "Taarifa zako za hesabu ziko wapi?" Anaambiwa hakuna, faili linafungwa. Aliyefundwa kazi anaanza kwa kuuliza hivi:

"Mama, mzigo wa mwisho uliununua lini, na ulilipa taslimu?"

"Wiki iliyopita, mwanangu. Visiwani hakuna mali kauli, unalipa ndiyo unapakia."

"Na mnunuzi wako alilipa lini?"

"Huyo huchukua, anarudi baada ya wiki tatu hivi."

Kwa majibu hayo mawili tu, mzunguko wa fedha umeshaonekana. Tuseme mzigo unakaa stoo siku 6, kisha unakaa kwa mnunuzi siku 20. Kwa kuwa yeye halipi kwa kuchelewa, hana siku za kupunguza. Mzunguko ni siku 26. Kila mwezi ananunua mali ya milioni 39 (magunia 300 kwa Sh130,000), kwa hiyo mtaji uliofungwa ndani ya biashara wakati wowote ni milioni 39 mara 26 gawanya kwa 30, yaani milioni 33.8. Akisema mtaji wake ni milioni 10, kuna mtu mwingine anayemkopesha ambaye hajamtaja, na huyo lazima ajulikane kabla ya kwenda mbele.

Halafu uwezo wa kulipa. Faida ghafi ni Sh20,000 kwa gunia, mara 300 ni milioni 6. Toa gharama milioni 2.1, toa nyumbani milioni 1.2. Inabaki milioni 2.7 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 40 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, salio linalopungua (riba inapigwa kwenye deni lililobaki tu), una rejesho la Sh3,667,200 kwa mwezi. Milioni 2.7 gawanya kwa 3.667 ni uwiano wa 0.74: kinachobaki hakitoshi rejesho. Hauwezekani.

Hapa ndipo kosa kubwa la wanafunzi linapotokea. Wanasema: lakini akipata milioni 40 mauzo yataongezeka maradufu, kwa hiyo atalipa. Kwenye Excel ni kweli, maana ukibadili seli moja mambo yote yanapendeza. Mwaloni, kuongeza mauzo maradufu kunahitaji dagaa wapatikane, jua la kukaushia, boti, na mnunuzi wa Kongo mwenye fedha maradufu. Kanuni ya kufanya kazi nayo ni kupima mkopo kwa mauzo ya sasa kwanza. Ukisimama bila ongezeko, ongezeko litakuwa faida ya mteja. Usiposimama, benki inacheza kamari.

Kwa milioni 20, rejesho ni Sh1,833,600 na uwiano unakuwa 1.47. Benki nyingi zinataka angalau 1.2 au 1.3, hivyo unapita.

Lakini bado. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa inapoteza nguvu, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa. Wakati wa masika dagaa hawakauki vizuri, wanaoza au wanauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tuseme miezi mitatu ya mvua mauzo yanashuka hadi magunia 220. Faida ghafi milioni 4.4, toa gharama milioni 1.54, toa nyumbani milioni 1.2, inabaki milioni 1.66. Rejesho ni milioni 1.83. Mteja mzuri kabisa anaanza kuchelewa mwezi wa Aprili, na zikipita siku 90 ameingia kwenye mikopo chechefu bila kosa lake.

Dawa si kumnyima. Mkopo uwe wa miezi 15: miezi mitatu ya mvua analipa riba tu, ambayo haizidi Sh300,000 kwa mwezi, na miezi 12 iliyobaki analipa Sh1,833,600 ileile. Anayejaribu kubana kila kitu ndani ya miezi 12, kwa maana ya riba tu miezi mitatu kisha mtaji wote kwa miezi tisa, atakuta rejesho limepanda hadi kama milioni 2.39 na uwiano umeshuka hadi 1.13. Huyo amehamishia tatizo kwenye kiangazi.

Kuna jambo la tatu, na ndilo linalomtofautisha mwenye masta aliyeielewa. Huyu mama akimshawishi mnunuzi wake alipe baada ya siku 12 badala ya 20, mzunguko unakuwa siku 18 na mtaji unaohitajika unashuka hadi milioni 23.4. Milioni 10.4 zimefunguka bila riba na bila dhamana. Nusu ya mkopo anaouhitaji iko mfukoni mwa mteja wake. Ofisa anayeandika sentensi hiyo kwenye waraka wa kamati ya mikopo anakumbukwa.

Riba mbili zenye jina moja

Jambo dogo lakini linaangusha watu kwenye usaili: asilimia 18 ipi? Ile ya salio linalopungua kwa mkopo wa milioni 40 miezi 12 inazaa riba ya jumla ya milioni 4 hivi. Ile ya kiwango bapa, ambayo inapigwa kwenye mtaji wote hadi mwisho, inazaa milioni 7.2, na rejesho la mwezi ni Sh3,933,333. Ukiigeuza hiyo ya bapa kuwa ya salio linalopungua, unapata kama asilimia 31.7 kwa mwaka. Wakopeshaji wadogo wengi wa daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hunukuu riba kwa mwezi, na kwa kiwango bapa. Mhitimu anayelinganisha "asilimia 3 kwa mwezi" na "asilimia 18 kwa mwaka" bila kuzileta kwenye kipimo kimoja ameshindwa somo la muhula wa kwanza.

Kiwango cha punguzo kinavyopotosha uamuzi

Kwenye viwanda vya samaki kazi ni tofauti, kwa sababu kule hesabu zipo na zimekaguliwa. Makosa yanahamia kwenye uthamini. Tuseme kiwanda kinataka mashine ya kugandisha minofu ya sangara ya milioni 105, itakayoleta milioni 30 kwa mwaka kwa miaka mitano. Mhitimu anayarudisha mapato hayo ya mbele kwenye thamani ya leo kwa kuyapunguza kwa asilimia 15 kwa mwaka, riba ya mkopo wa shilingi, anapata thamani ya sasa milioni 100.6. Mashine inakataliwa, ina upungufu wa milioni 4.4.

Swali la kumuuliza ni hili: hizo milioni 30 ni za bei za leo au za bei za kila mwaka husika? Mara nyingi ni za bei za leo, maana ni rahisi kuandika namba moja mara tano. Lakini asilimia 15 ina mfumuko wa bei ndani yake. Mfumuko ukiwa asilimia 3.3, kiwango halisi ni 1.15 gawanya kwa 1.033, toa moja: asilimia 11.3. Kwa kiwango hicho thamani ya sasa ni kama milioni 110, na mashine ina ziada ya milioni 5. Mashine ileile, bei ileile, uamuzi umegeuka. Ama upandishe mapato kwa mfumuko na utumie asilimia 15, ama uyaache kwa bei za leo na utumie 11.3. Ukichanganya, unaua miradi mizuri kimyakimya, na hakuna atakayejua.

Sangara ana tatizo la pili: anauzwa nje kwa dola au yuro, huku mishahara, umeme na samaki wenyewe vikilipwa kwa shilingi. Mapato ya dola yapunguzwe kwa kiwango cha dola, au yageuzwe kwanza kuwa shilingi kwa kiwango cha ubadilishaji kinachotarajiwa kila mwaka. Na mchambuzi wa benki asiishie kwenye namba. Sheria hairuhusu sangara wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo kiwanda kinachopewa mkopo kwa makadirio ya tani zinazotegemea samaki wachanga ni kiwanda kitakachofungiwa.

Excel nayo ina mtego wake: fomula ya NPV (thamani halisi ya sasa) inauchukulia mtiririko wa kwanza kuwa wa mwisho wa mwaka wa kwanza. Gharama ya leo ikae nje ya mabano. Wanaoisahau wanapata jibu lililopunguzwa mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na kwa kuwa alama ya kujumlisha au kutoa haibadiliki, kosa linapita machoni pa wengi hadi siku miradi miwili inaposhindanishwa kwa thamani.

Hatifungani, kwa ufupi

Dawati la kununua na kuuza hatifungani halipo kwenye matawi ya Mwanza, liko makao makuu. Hata hivyo swali lake linaulizwa karibu kila usaili wa benki, kwa sababu linapima kama mtu ameielewa fedha au ameikariri. Hatifungani ya miaka 10, kuponi (riba yake) ya asilimia 10 kwa mwaka inayolipwa kila miezi sita, soko likitaka asilimia 12, bei yake ni 88.53 kwa kila 100. Soko likipanda kutaka asilimia 13, bei inashuka hadi 83.47, hasara ya kama asilimia 5.7. Mhitimu awe na uwezo wa kueleza kwa nini, bila kalamu.

Ajue pia mahali Benki Kuu inapoingilia. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania inatumia riba ya sera, iliyoanza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, na ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo inagusa kwanza mikopo ya muda mfupi, hasa ya siku saba, kati ya benki zenyewe. Mwanafunzi anayesema imeshuka leo basi mkopo wa dagaa Kirumba utashuka kesho, hajaelewa njia ilivyo ndefu.

Hasara inayotarajiwa

Tangu kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9, kianze kutumika Januari 2018, benki haingoji mkopo uharibike ndipo itenge fedha. Inatenga tangu siku ya kwanza: uwezekano wa kushindwa kulipa, mara sehemu itakayopotea, mara kiasi kitakachokuwa kinadaiwa. Kwa mkopo wetu wa milioni 20, tuseme uwezekano asilimia 4 na upotevu asilimia 45: Sh360,000. Mteja akichelewa zaidi ya siku 30, dhana ni kwamba hatari imepanda sana na benki inahesabu hasara ya maisha yote ya mkopo badala ya miezi 12. Akifika siku 90 anahesabika ameshindwa.

Idara za vihatarishi zinawatafuta watu wa kazi hii kwa tochi. Ni takwimu, ni uhasibu na ni ufahamu wa mteja kwa pamoja, na ndipo masta ya fedha inapoizidi CPA waziwazi. Ugumu uko kwenye ile asilimia 45. Nyumba yenye hati miliki Capri Point na nyumba yenye leseni ya makazi mlimani Mabatini haziuziki kwa kasi moja, na mthamini akisema zote ni milioni 80, upotevu hauwi sawa. Muda wa kuuza, gharama za mahakama na dalali wa mnada vyote viingie kwenye hesabu.

Tasnifu

Kwa maoni yetu hapa ndipo saa nyingi za masta zinapotupwa. Mtindo uliozoeleka ni mada ya "mchango wa kitu fulani kwenye utendaji wa benki, mfano wa Jiji la Mwanza", dodoso kwa watu 100, majibu ya nakubali sana hadi sikubali kabisa, wastani, mwisho. Chuo kinapitisha. Mwajiri hana la kufanya nayo, kwa sababu inapima maoni ya wafanyakazi wa benki kuhusu benki yao.

Takwimu halisi zipo bure. Benki za Tanzania zinatakiwa kuchapisha taarifa zao za fedha kila robo mwaka. Chukua benki 10, miaka mitano: robo 20 mara 10 ni mistari 200 ya mikopo, amana, mikopo chechefu na faida. Unaweza kuuliza kama benki zilizokuza mikopo kwa kasi ndizo zilizoonyesha mikopo chechefu robo sita baadaye. Hilo ni swali ambalo mkuu wa idara ya mikopo anataka jibu lake. Bei za hisa za DSE nazo zipo, ila tahadhari: hisa nyingi haziuzwi kila siku, bei inarudiwa ileile, na mwanafunzi anayekokotoa beta (kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba pamoja na soko) kwa bei za kila siku anapata beta karibu na sifuri na kuhitimisha kwamba kampuni haina hatari. Tumia bei za wiki au za mwezi.

Na namba zinazoletwa na mwenye maslahi zipimwe upya. Ukanda huu una historia ya hilo: ushirika wa pamba aliouongoza Paul Bomani miaka ya 1950 ulianzia kwa wakulima kutoiamini mizani ya wanunuzi. Bomani huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Usaili na fildi

Usaili wa nafasi za wahitimu huwa na mtihani wa maandishi, zoezi la Excel la dakika 45 hadi 60, kisha mahojiano. Zoezi la Excel linaangusha watu kwa mambo madogo: mizania isiyosawazika, namba zilizochapwa mkono ndani ya fomula hivi kwamba huwezi kubadili dhana, na taarifa ya mtiririko wa fedha ambapo ongezeko la wadaiwa limejumlishwa badala ya kutolewa. Hilo la mwisho ndilo la kawaida kuliko yote. Mazoezi yake ni kujenga taarifa tatu kuanzia karatasi tupu, bila kunakili, hadi zisawazike zenyewe.

Zoezi lingine linaloombwa ni waraka wa mkopo wa kurasa mbili. Waraka unaanza na ombi na pendekezo: kiasi, muda, riba, dhamana, ndiyo au hapana. Halafu chanzo cha kwanza cha marejesho, chanzo cha pili, hatari tatu kubwa na kinachozipunguza. Mhitimu akianza na historia ya biashara tangu mwaka mteja alipozaliwa, kamati inaruka hadi ukurasa wa mwisho kutafuta namba.

Kwa fildi, usingoje chuo kikupangie. Barua ya chuo ipelekwe miezi mitatu kabla, na usikimbilie matawi makubwa peke yake, kwani huko mwanafunzi huishia kupanga mafaili. SACCOS yenye wanachama mia tano itakupa kitabu cha mikopo chote uchambue: nani anachelewa, kwa siku ngapi, mikopo ya mwezi gani ndiyo mibovu. Ipange mikopo kwa mwezi ilipotolewa kisha ufuatilie kila kundi linaharibika kwa kasi gani. Ni kazi ya wiki mbili kwenye Excel, na ukienda nayo kwenye usaili wa idara ya vihatarishi hutaulizwa sana kuhusu GPA. Majina ya wanachama yafutwe kabla hujatoka nayo ofisini. Anayeonyesha daftari la wateja wa watu kwenye usaili amejifelisha mwenyewe kwenye swali la maadili kabla halijaulizwa.

Anayetaka kuunganisha masta na CPA apange kalenda mapema. Asijisajili mitihani ya Bodi ya muhula uleule anaoandika tasnifu. Masomo ya mwaka wa kwanza wa masta yanaingiliana na karatasi za usimamizi wa fedha za CPA, kwa hiyo karatasi hizo zifanywe wakati huo, kichwa kikiwa bado na moto, na zile za kodi na ukaguzi zisubiri tasnifu ikabidhiwe.